Jinsi Nilivyopata Punda Kaliua

Jumapili, tarehe 16 Machi, saa mbili asubuhi, nilikuwa nimekaa juu ya begi langu katika stesheni ya Morogoro nikimenya chungwa, na sikuwa na mnyama yeyote duniani. Nalitaja hili mapema kwa sababu tangu nirudi, nyote mlionipigia simu mmeniuliza swali lile lile: ni kweli umenunua punda? Sikumnunua. Lakini ni kweli kwamba yuko punda mmoja, mbele ya Kaliua, ambaye kijiji kizima kinamtambua kuwa ni wangu, na ili mwelewe ilikuwaje itanibidi niwapitishe njia nzima kama nilivyopita mwenyewe.

Kazi iliyonipeleka mnaijua. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia swali ambalo wanafunzi wangu huliona dogo mno kwa mwalimu wa elimu ya jamii: mzigo unapobebwa, ni nani aliyeamua uwekwe juu ya nani, na ni nani mwenye ruhusa ya kusema sasa utuliwe? Nilianza kwa kuwauliza wanawake na vibarua. Siku za karibuni nimewaongeza wanyama, kwa maana naona kwamba haki za mtu aliye chini na haki za mnyama aliye chini yake haziachani kirahisi kama vitabu vyetu vinavyoziachanisha. Nikachagua njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kuelekea magharibi, kwa sababu ni njia iliyochongwa na miguu ya wabebaji, na kubeba hakujakoma huko.

Morogoro hadi kwenye maji

Hadi Dodoma sina la kusimulia, ila kwamba nililala vibaya na shingo yangu ilijua hivyo. Saranda nilinunua kuku wa kukaanga kupitia dirishani, nikammaliza peke yangu, kosa ambalo nililijutia baadaye. Asubuhi ya pili, tukiwa tumeiacha Itigi nyuma, treni ilipunguza mwendo, ikasimama katika kituo chenye jengo moja na mbuzi wengi. Mhudumu akapita akitangaza kwamba mvua ya usiku imepandisha maji juu ya reli huko mbele, tusubiri yapungue.

"Kwa muda gani?" nikamuuliza.

"Mama, maji hayana ratiba."

Abiria wakashuka na kutandika khanga kando ya reli kana kwamba ndipo walipokuwa wakienda. Jirani yangu wa behewa, mwanamke wa rika langu mwenye rozari shingoni, alifungua chungu cha maharage yaliyopikwa na mahindi, akanikaribisha. Nikasema nimeshiba. Kwetu Uzaramo mtu hukataa mara ya kwanza ili asisitizwe. Ni adabu tu. Yeye akasema, "Haya," akafunika chungu, akaanza kula upande wake. Nilikaa saa nzima nikinusa maharage yale. Hatimaye akanigeukia.

"Sasa njaa imefika?"

"Imefika."

"Ungesema mapema. Sisi ukisema umeshiba tunakuamini."

Alijiita Mama Esperansi, mkulima wa Ulyankulu. Alitaka kujua naandika nini muda wote. Nikamweleza habari za mizigo. Akacheka huku akinipakulia.

"Basi niandike mimi. Mama yangu alitoka Burundi kwa miguu, na mzigo wa kwanza alioutua Ulyankulu nilikuwa mimi. Alinilaza kwenye majani, akanyoosha mgongo, akasema ni hapa."

"Nani alimruhusu atue?"

"Miguu yake, dada. Ilikataa." Akanitazama kwa makini. "Na wewe? Nani anakubeba wewe, hata ukapata nafasi ya kuzunguka ukiuliza wenzio?"

Nilikula. Jua lilipokuwa utosini maji yalipungua, na tukapita juu ya reli polepole sana, pande zote mbili maji ya rangi ya chai ya maziwa yakimeta.

Tabora: mwavuli

Tabora nilifikia Cheyo, kwa Anastazia, rafiki yangu wa tangu chuo, ambaye sasa anafundisha sekondari. Yeye ndiye aliyenitafutia kijiji cha kufanyia kazi, kwa shangazi wa mama yake. Alinipokea kwa wali na uyoga wa porini, na kabla sijanawa mikono aliniambia jambo ambalo sikulipa uzito.

"Shangazi anasema ufike kabla ya Jumamosi. Usikose."

"Jumamosi kuna nini?"

"Wanamaliza msiba. Mpwa wake alifariki mwezi uliopita. Utaona watu wengi, kwa kazi yako si vizuri?"

Kesho yake nilikwenda Ng'ambo kumtafuta fundi anayeshona mikanda ya punda. Nilimkuta barazani, Fundi Kapaya, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akikata tairi kuukuu kuwa vipande vipana na kuvishonea gunia kwa ndani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanieleza kazi yake kwa utulivu wa mtu asiyetafuta sifa. Mkanda mwembamba ni rahisi kutengeneza lakini hukata ngozi, alisema. Mkanda mpana humwacha mnyama afanye kazi miaka mingi. Wanunuzi wengi huchagua mwembamba.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anayenunua siye anayeuvaa." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe kabila gani, mama?"

"Mzaramo. Wa Kisarawe."

Uso wake ulibadilika kabisa. Aliweka kisu chini, akasimama, akanyoosha mkono, akauchukua mwavuli wangu uliokuwa umeegemea ukuta, akaingia nao ndani ya duka na kuketi juu yake.

Nilidhani mzee amepatwa na jambo kichwani. Nikamwomba mwavuli kwa upole. Akanitazama kama hanisikii. Nikaomba tena, sauti ikipanda, nikasema ni wangu, nikasema nitaita mgambo. Baraza zima likaangua kicheko, na mshona viatu wa jirani akashika tumbo.

"Mzaramo analia!" akapaza sauti Fundi Kapaya. "Babu zetu walipokuwa wakipita kwenu na pembe mabegani mliwadai ushuru wa njia, mkawavua hata nguo. Leo umepita kwetu. Ushuru uko wapi?"

Ndipo nilipokumbuka utani. Nimeufundisha, jamani. Nimesimama mbele ya wanafunzi nikaeleza kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, kwamba utani huo ulikomaa katika njia hii ya misafara, kwamba mtani huruhusiwa kutukana na hata kuchukua kitu chako na hashtakiwi wala hakasirikiwi, bali unakikomboa. Nilieleza yote hayo kama mtu anayeeleza kuogelea ubaoni. Nilipotupwa majini nilitaka kuita mgambo.

"Taja fidia," nikasema, nikiona haya.

"Fedha yako sitaki. Beba kichwani." Akanionyesha mzigo wa mikanda iliyokamilika. "Hadi kwenye bomba lile na kurudi. Na usitue mpaka niseme."

Nikaubeba. Mtu mzima, mwalimu wa chuo, na raba za tairi kichwani, nikavuka barabara ya Ng'ambo huku wauza vitunguu wakinipigia vigelegele. Kwenye bomba nilimgeukia. Akatikisa kichwa: bado. Nilisimama pale kwa muda ambao si mrefu kwa saa, lakini shingo yangu iliyolala vibaya ndani ya treni iliuhesabu vingine, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya utafiti nilingoja mtu mwingine aamue kama naweza kutua.

Mwishowe aliniita nirudi, akasema tua, na nilipopewa mwavuli nikakuta kwamba wakati mimi nimebeba, yeye ameufunga kwa uzi ubavu wake mmoja uliokuwa umevunjika.

Tabora hadi Kaliua

Alhamisi nilipanda basi. Kupita Urambo barabara imezungukwa na mashamba ya tumbaku, na wakati huu wa mwaka mabani, vile vijumba virefu vya kukaushia majani, hutoa moshi mwembamba mchana kutwa. Bani halikubali kuzimika. Kila moja linataka kuni, na kuni zinatoka mbali zaidi kila msimu. Kwenye kituo kimoja nilinunua matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vikavu kama mbao na vitamu polepole. Mwanamume aliyekaa nami alinionya nisivitafune kwa haraka. Nilitafuna kwa haraka. Jino langu la kushoto mpaka leo linanikumbusha Urambo.

Kaliua basi liliniacha karibu na stesheni, mahali reli ya Mpanda inapoiacha ile ya Kigoma. Hapo nikapata pikipiki hadi kijijini. Jina la kijiji nitalihifadhi, kama ilivyo desturi ya kazi yetu.

Kijijini

Shangazi Nyamizi, mwenyeji wangu, ni mwanamke mwembamba sana mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Ni dada wa baba wa marehemu, na niliona mapema kwamba katika ukoo ule neno lake halipingwi na mtu. Alinipa kigoda, maziwa mgando na ugali, akaniuliza jambo moja tu.

"Anastazia alisema wewe Mzaramo. Wa kweli, au wa kuolewa?"

"Wa kweli, shangazi."

"Vizuri. Kula."

Marehemu alimwacha mjane, Mama Kulwa, mama wa pacha waliokwisha olewa mbali, na alimwacha punda. Nilimkuta Mama Kulwa akimpaka mnyama huyo asali mgongoni, penye kidonda kilichoanza kufunga. Ninayo fomu, mnajua, na katika fomu kuna nafasi ya jina la mnyama. Kila kaya waliponisikia nikiuliza walicheka. Nani humpa punda jina? Mama Kulwa hakucheka.

"Anaitwa Haraka."

"Ana haraka?"

"Hana hata kidogo."

Alimlea tangu akiwa mtoto aliyefiwa na mama yake. Haraka hubeba kuni za bani, mahindi, na maji wakati wa kiangazi. Jumapili hapakiwi, kwa sababu Mama Kulwa ni Mmoraviani wa kweli na haoni kwa nini amri ya kupumzika iishie kwake. Nilimuuliza swali langu: nani huamua mzigo utuliwe?

"Yeye mwenyewe. Akichoka husimama. Mimi husubiri."

"Na wewe ukichoka?"

Aliendelea kupaka asali. "Mimi, huyu ndiye aliyenipunguzia mzigo. Kabla yake nilibeba mwenyewe, hadi nyonga hii ikaharibika. Unaona ninavyotembea." Kisha akasema kwa sauti ile ile, kama anayetaja hali ya hewa, "Jumamosi shemeji atamchukua. Jumatatu lori la mnunuzi linakuja Kaliua. Wanawanunua kwa ajili ya ngozi."

Nilikuwa nimekwenda kuangalia, si kuingilia. Hilo nimeliandika kwa mkono wangu katika maombi ya utafiti. Usiku huo, nilipokuwa nikipanga karatasi, niliisoma sentensi hiyo zaidi ya mara moja.

Shemeji mwenyewe, Maganga, mdogo wa marehemu, alifika Ijumaa kunisalimu. Mtu mpana, mcheshi, na mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa tumbaku. Tuliketi mbele ya watu na nikamhoji.

"Katika kaya yako, nani hubeba mizigo?"

"Wanawake na punda," akajibu bila kupepesa. "Punda nampumzisha, maana ana thamani."

Watu wakacheka. Mimi nikaandika maneno yake yote na kuyapigia mstari.

"Nini unaandika hapo, mtani? Ukikaa hapa wiki moja na wewe nitakupakia kuni. Wazaramo migongo yenu haijawahi kufanya kazi."

Niliandika hayo pia. Mnaona jinsi akili inavyofanya kazi: siku tatu baada ya kubeba mikanda Ng'ambo, mtu akanitania waziwazi, akaniita mtani kwa mdomo wake, na mimi nikayaweka maneno yake kwenye daftari kama ushahidi. Kwa sababu lori la Jumatatu nilikuwa nimekwisha lisikia, na nilikuwa nimekwisha mhukumu.

Jumamosi

Ibada ilimalizika saa nne. Mchungaji akaombea nyumba, wanawake wakaleta togwa na wali, kisha wanaume wa ukoo wakakaa kugawa vitu vya marehemu. Shangazi Nyamizi alinishika mkono na kunikalisha kwenye gogo kando ya zizi. Nilimwambia kwamba pale penye wageni pangetosha. Akasema pale kuna kivuli. Hapakuwa na kivuli.

Koti likapata mtu. Panga na redio vikapata watu. Kila kitu kilipotajwa, Shangazi alipaza sauti kunitania: mtani umekuja mikono mitupu, utaondoka mikono mitupu, Wazaramo wa siku hizi wamepoa kama uji wa jana, zamani mtani akifika msibani watu walificha masufuria. Wote walicheka, hata Mama Kulwa, aliyekaa chini kwenye mkeka, macho yakiwa kwenye mikono yake. Kisha mzee mmoja akasema, "Na punda," na Maganga akasimama kufungua mlango wa zizi.

Sitadai kwamba nilipanga. Sitadai pia kwamba sikujua kabisa nilichofanya. Kamba ya Haraka ilikuwa imefungwa kwenye mti wa zizi, hatua moja kutoka kwenye gogo langu. Niliinuka nikaifungua, nikaizungusha kiganjani, nikasema kwa sauti ambayo haikuwa imara kama ninavyoitamani sasa, "Huyu ni wangu. Ushuru wa njia."

Kisha kicheko kikapasuka, kikubwa kuliko cha Ng'ambo, wanawake wakapiga vigelegele, na mzee aliyekuwa akigawa akafuta machozi. Maganga alisimama na mkono kwenye mlango wa zizi. Naye alicheka. Alipaswa kucheka, mtani hakasirikiwi. Lakini nilikuwa karibu, na niliona kwamba kicheko kilichelewa kufika machoni.

"Haya, mtani. Taja fidia. Kuku?"

"Sitaki kuku."

"Jogoo, na chupa ya asali."

"Sitaki."

"Unataka nini basi? Kuolewa?"

"Na wewe? Nimekosa nini?"

Kelele za furaha. Kwa kweli sikujua ninachotaka. Hapo Shangazi Nyamizi akasimama, na watu wakanyamaza.

"Mtani hajataja fidia," akasema. "Mpaka aitaje na mpaka ilipwe, punda ni wake. Hauzwi wala hahamishwi. Mtani hana zizi hapa, basi atamwacha kwa anayejua chakula chake. Mama Kulwa, utamtunzia mgeni mnyama wake?"

"Nitamtunzia," akasema Mama Kulwa.

"Imekwisha. Leteni togwa."

Jioni, tukipembua maharage, nilimuuliza Shangazi kama alijua nitakachofanya. Hakuinua macho.

"Mimi ni mwanamke wa ukoo huu. Nikimzuia Maganga mbele ya wanaume, nimemgombanisha na mjane wa kaka yake, na mimi nimekaribia kufa, siku moja nitawaacha wenyewe. Mtani akizuia, ni kicheko. Watu wanalala wamecheka." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Anastazia aliponiambia ana rafiki Mzaramo anayependa habari za punda, nikasema aje kabla ya Jumamosi."

Nilikaa na ungo magotini. Nilikuwa nimesafiri kutoka Morogoro kuja kuuliza nani huamua mzigo uwekwe juu ya nani, na muda wote huo nilikuwa nimekwisha pakiwa, kamba zimekazwa vizuri, na sikusikia chochote.

Kijijini hadi Kaliua

Jumatatu asubuhi Maganga alikuja na baiskeli. Alisema begi la mtani halipandi pikipiki wakati yeye yupo. Akalifunga kwenye kibebeo, akaisukuma baiskeli, mimi nikatembea kando yake.

"Umeandika sana habari za punda," akasema hatimaye. "Za baiskeli hii umeandika?"

"Hapana."

"Mara tatu nilimbeba kaka yangu kwa hii, nikampeleka Kaliua hospitali. Mara ya mwisho hakuweza kukaa, nikamfunga kwa kitenge mgongoni kwangu asianguke. Njia hii hii. Hapa kwenye mchanga nilishuka nikasukuma, yeye juu. Akaniambia, Maganga, tua kidogo. Nikamwambia tutatua tukifika." Alikwepa shimo. "Ng'ombe wangu wa kulimia nilimuuza katika ugonjwa ule. Nikasema, punda akienda, ng'ombe atarudi. Sikuwa na nia ya kumtesa shemeji. Msimu ukija bila ng'ombe sote tutalima kwa mkono, na yeye pamoja."

"Kwa nini hukuniambia Ijumaa nilipokuuliza?"

"Uliniuliza mbele ya watu. Mbele ya watu mtani hutaniwa." Akacheka kidogo, na safari hii kicheko kilikuwa chake. "Wewe ukaandika. Nilikuona unapiga mstari, nikasema, huyu Mzaramo ametumwa na serikali."

Kaliua, karibu na reli, lori lilikuwa limesimama. Punda walikuwa juu yake wamebanana, vichwa vikiangalia pande zote, na hawakupiga kelele hata mmoja. Maganga alisimama. Nami nikasimama. Aliwatazama muda mrefu kuliko mimi, kisha akaisukuma baiskeli mbele.

"Taja basi hiyo fidia," akasema bila kunigeukia. "Usiniache hivi."

"Nitaiandika. Nipe muda."

"Haya. Lakini usiandike kwa haraka."

Kuna mengine ya kurudi, treni iliyokwenda vizuri hadi nikaona ajabu, na nyanya za Dodoma nilizozikalia. Tuyaache. Chuoni nilieleza yote katika taarifa yangu, pamoja na sentensi ya kutoingilia niliyokuwa nimeivunja. Mkuu wa idara aliisoma mara mbili, akaniuliza punda aandikwe katika fungu gani la vifaa. Hilo bado linajadiliwa. Lililonikosesha usingizi lilikuwa lile la Maganga, na ilinichukua wiki nne kuandika barua ambayo nilimtumia kwa mkono wa Anastazia. Wengi wenu mmeomba kuiona. Hii hapa, nzima.

Barua

Morogoro, 24 Aprili

Mtani wangu Maganga,

Mwangaluka, nakuamkia kwa salamu ya kwenu. Nasikia mvua zinakatika huko na bani lako la mwisho limezimwa. Pole kwa moshi. Unakufaa, unaficha sura.

Kwanza nakiri kosa. Maneno yako ya Ijumaa niliyaandika kama hukumu. Nimeyafuta. Mahali pake nimeandika habari za baiskeli na za mchanga ule uliposhuka, na jina lako nimelificha kama ninavyowaficha wote ninaowaheshimu.

Pili, Haraka. Ni wangu mpaka ulipe, hilo Shangazi amekwisha lisema, na wewe na mimi hatuna ubavu wa kubishana naye. Lakini mpaka ng'ombe wako atakaporudi, naruhusu akusombee mavuno na kuni siku mbili kwa juma, Mama Kulwa akizichagua yeye. Mkanda uwe mpana. Nimemwagiza Fundi Kapaya wa Ng'ambo, atakupa, na usimwambie kwamba unanifahamu, atakaa juu ya kofia yako. Penye kidonda hapapakiwi. Jumapili unajua.

Sasa fidia. Fedha sitaki, jogoo wako mleni wenyewe. Mwakani, kabla bani la kwanza halijawashwa, utabeba kuni za kulijaza siku moja, kutoka porini, kichwani. Hutabeba peke yako. Ulisema nikikaa wiki moja utanipakia kuni, na kwamba migongo ya Wazaramo haijawahi kufanya kazi. Nakuja kupakiwa. Nusu yako, nusu yangu, na watu waje wacheke.

Sharti ni moja. Atakayesema tutue hatakuwa wewe wala mimi. Atakuwa Mama Kulwa, ameketi kwenye gogo kando ya zizi, pale Shangazi anaposema kuna kivuli. Akisema bado, ni bado.

Tukishatua, kamba ya Haraka nitaitoa mkononi mwangu, nitaiweka katika mkono wa huyo aliyetuambia tutue. Hapo utakuwa umelipa, na mimi nitakuwa nimelipa.

Msalimie Shangazi. Mwambie nimejua kwamba pale kwenye gogo hapana kivuli.

Ni mimi, mtani wako